Umerudi kazini na bado unanyonyesha? Dai muda kwanza, chumba kitafuata

#1 Mleta uzi

Wadau, salaam. Uzi ni mrefu, nawaomba uvumilivu. Nauandika kwa mama ambaye likizo yake ya uzazi inakwisha na kila usiku anahesabu siku zilizobaki huku amempakata mtoto. Nauandika pia kwa bosi wake na wenzake wa kazini, maana sehemu kubwa ya jambo hili haiko mikononi mwa mama.

Nina watoto wawili. Wa kwanza nilimwacha nyumbani akiwa na miezi mitatu. Ilipofika wiki ya tatu ya kurudi kazini, maziwa yalikuwa yamepungua hadi mtoto akishika titi anavuta kidogo, anaachia, analia, anashika tena. Nikaambiwa, "Wewe mwili wako hauna maziwa mengi." Niliamini, na niliumia sana. Wa pili nikamnyonyesha hadi akavuka miaka miwili. Mwili ulikuwa uleule, meza ileile, kazi ileile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili nilikuwa na saa zangu za kukamua. Zilikuwa zimeandikwa, zinajulikana, na hakuna aliyepanga kikao ndani yake.

Na chumba? Mara ya kwanza chumba kilikuwepo. Kiti, pazia, hadi soketi ya umeme. Lakini kila nikiinuka nasikia, "Unakwenda tena?" Basi nikawa naahirisha. Saa 4 asubuhi najiambia nitakwenda saa 6. Saa 6 kuna kikao. Ikifika saa 8 matiti yamekuwa magumu, blauzi imelowa, nakwenda kukamua kwa maumivu na yanatoka kidogo. Kesho yake hivyo hivyo. Chumba kizuri ambacho mama haruhusiwi kukiingia kwa utulivu hakimsaidii kitu, na hilo ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo.

Sasa nieleze kwa nini muda ndio kila kitu, maana nilipolielewa hili ndipo nilipopata ujasiri wa kudai.

Titi si ndoo inayojazwa ikakaa ikisubiri. Mtoto anaponyonya, au unapokamua, ubongo unaachia homoni mbili. Prolaktini inaagiza maziwa yatengenezwe. Oksitosini inayasukuma yatoke. Maziwa yasipotolewa, titi lenyewe linapunguza kasi ya kuyatengeneza, kana kwamba limeambiwa hakuna wa kuyanywa. Kupungua huko hakuonekani siku ileile. Ukiruka kukamua Jumatatu, Jumanne huoni kitu. Ukiruka wiki nzima, wiki inayofuata ndiyo unakuta mtoto halali, na unafikiri tatizo limeanza jana. Mama wengi hawaunganishi vitu hivi viwili, nami sikuviunganisha.

Kisha kuna hiyo oksitosini. Inazuilika kwa hofu, kwa maumivu na kwa aibu. Mama aliyeketi nyuma ya mlango usiofungwa, anayesikia hatua za watu, anaweza kukamua dakika 20 akapata matone. Mama yuleyule akifunga mlango kwa ndani, akatazama picha ya mwanawe, maziwa yanashuka mapema tu. Kwa hiyo bosi anaposema "hayo ni mambo ya hisia", tumweleze kwa upole kwamba hisia hizo ndizo zinazofungua na kufunga maziwa.

Je, unahitaji maziwa kiasi gani? Hapa wengi tunajitesa. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 anayenyonya tu hunywa wastani wa kama mililita 750 kwa saa 24, na kiasi hicho hakipandi sana kadiri anavyokua ndani ya kipindi hicho. Gawa kwa 24, unapata kama mililita 30 kwa saa. Ukiwa mbali naye kwa muda wa saa 9, kadiria mililita 270 hadi 300. Wapo watakaohitaji zaidi na wapo wa chini ya hapo. Huhitaji friza iliyojaa. Unahitaji maziwa ya siku ya kwanza na akiba kidogo, halafu unachokamua leo ndicho atakachokunywa kesho.

Ndiyo maana nasema anza kukamua wiki mbili au tatu kabla ya kurudi, mara moja kwa siku. Asubuhi baada ya mtoto kunyonya ni wakati mzuri kwa wengi, maana prolaktini huwa juu zaidi usiku. Na umzoeshe mtoto kulishwa na mtu mwingine, wewe ukiwa chumba kingine. Baadhi ya watoto wanakataa kabisa wakisikia harufu ya mama yao iko karibu. Kikombe kidogo kinafaa hata kwa mtoto mchanga, na ni rahisi kukiosha kuliko chupa yenye chuchu na kona zake.

Kuhusu haki. Jambo hili si jipya wala si fadhila. Shirika la Kazi Duniani, ILO, katika mkutano wake wa kwanza kabisa mwaka 1919, lilipitisha Mkataba Na. 3, na ndani yake mama anayenyonyesha akapewa nusu saa mara mbili kwa siku. Zaidi ya miaka 100 iliyopita! Mkataba wa sasa ni Na. 183 wa mwaka 2000. Unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na Ibara ya 10 inasema mama apewe mapumziko ya kunyonyesha mara moja au zaidi kwa siku, au saa zake za kazi zipunguzwe, na muda huo uhesabiwe kuwa ni wa kazi na ulipwe. Si nchi zote zimeridhia, lakini hata pale ambapo haijaridhiwa, sheria nyingi za kazi zina kifungu kinachofanana. Kitafute katika sheria ya nchi yako kabla hujaingia ofisini kwa bosi.

Na usiingie mikono mitupu. Mara ya pili nilikwenda na barua, nikaipeleka mwezi mmoja kabla ya kurudi. Ilikuwa fupi, takriban hivi:

"Natarajia kurudi kazini tarehe fulani na nitaendelea kunyonyesha. Naomba dakika 30 saa 4:00 asubuhi, saa 7:00 mchana na saa 9:30 alasiri kwa ajili ya kukamua maziwa, katika chumba ambacho si choo na chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Naomba muda huu uhesabiwe kuwa wa kazi. Katika dakika hizo shughuli ya haraka itashikwa na mwenzangu ambaye nimeshazungumza naye na amekubali. Napendekeza tuupitie mpango huu baada ya miezi 3."

Angalieni saa zilivyotajwa. Ukiandika "muda wa kutosha" kila mtu atakuwa na tafsiri yake. Ukiandika saa 4:00, ni saa 4:00.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye uzoefu aongeze.

#2 Mama wa Zamu

Dada, asante, nimesoma mara mbili. Lakini uzi huu ni wa watu wa ofisini. Mimi nasimama kaunta zamu yenye urefu wa saa 12. Hakuna chumba, hakuna friji, pampu sina. Nikiondoka foleni inakuwa ndefu na msimamizi anaanza kuita jina langu. Mtoto ana miezi miwili na wiki mbili. Narudi baada ya siku 20. Nifanyeje?

#3 Mleta uzi

Dada, asante kwa kuuliza, wapo wengi walio kama wewe. Nianze na lililo mikononi mwako.

Pampu si lazima. Mikono inatosha, na kuna mama wanaopata mengi kwa mikono kuliko kwa mashine. Osha mikono kwa sabuni. Kaa, inama mbele kidogo, papasa titi taratibu kwa dakika moja au mbili. Weka kidole gumba upande wa juu na kidole cha shahada upande wa chini, kama sentimita 3 hadi 4 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Sukuma, bana, achia. Usitelezeshe vidole juu ya ngozi na usivute chuchu, utajiumiza bure. Mwanzoni hayatoki, usikate tamaa. Yakipungua upande mmoja hamia wa pili, kisha rudi tena wa kwanza, na uzungushe vidole ili pande zote za titi zifikiwe. Fanya mazoezi nyumbani kuanzia leo. Siku 20 zinatosha kabisa kuzoea, na mkono ukishazoea kazi inakwenda haraka.

Friji. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa kwa muda usiozidi saa 4 katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25. Mahali penye joto kali usifike huko. Ukiwa na mfuko unaohifadhi baridi na vipande vya barafu iliyoganda vizuri, hukaa hadi saa 24. Kwa hiyo zamu yako ya saa 12 inatoshea ndani ya mfuko mmoja. Ukifika nyumbani weka kwenye friji, siku 4. Ukigandisha, ubora ni mzuri hadi miezi 6. Yakishayeyuka yatumie ndani ya saa 24 na usiyagandishe tena. Andika tarehe kwenye kila chombo, na chombo kiwe safi chenye mfuniko.

Ukiona yamejitenga, mafuta yamepanda juu, hayajaharibika. Zungusha chombo polepole yachanganyike. Kuyapasha moto, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Mikrowevu hapana, inapasha bila usawa na sehemu moja inaweza kumuunguza mtoto mdomo.

Sasa lisilo mikononi mwako. Zamu ya saa 12 inahitaji kukamua mara 3, na kwa mtoto mdogo kama wako ikiwezekana mara 4. Muone msimamizi sasa, kabla ya siku ya kwanza, si siku foleni ikiwa ndefu. Mwambie saa. Chagua saa ambazo kaunta inapumua, wewe unazijua kuliko yeye. Chumba kikikosekana, stoo yenye mlango na kiti inafaa, hata kona iliyowekewa kizuizi mtu asione. Choo usikubali. Hakuna anayeandaa chakula cha mtu mzima chooni.

#4 Msimamizi

Naomba niandike kama mtu wa upande wa pili, na si kwa ubaya. Nasimamia watu 14. Mwaka jana nilikuwa na mama wawili wanaonyonyesha kwa wakati mmoja. Niliwaruhusu. Baada ya mwezi wengine wakaanza kunung'unika: kwa nini wao wanapumzika mara tatu, kazi zao tunafanya sisi. Nikajikuta katikati. Kusema "ni haki yao" ni rahisi, lakini aliyebaki kaunta naye ana miguu inayouma. Mleta uzi, hilo unalijibuje?

#5 Mleta uzi

Kaka, asante kwa kusema wazi. Swali lako ni zito na manung'uniko hayo ni ya kweli. Sitayapuuza.

Kwanza, kosa mara nyingi ni la mpangilio. Ukimruhusu mama bila kupanga nani atashika nafasi yake, umeutoa muda huo mfukoni mwa mwenzake bila kumuuliza. Mwenzake ana haki ya kukasirika, ila hasira hiyo inaelekezwa kwa mama badala ya kuelekezwa kwenye ratiba. Weka ratiba ubaoni: saa 4:00 hadi 4:30 fulani anashika, na yeye analipwa muda huo kwa kupumzika saa nyingine. Watu wakiona limepangwa na lina mwisho, kelele zinapungua. Kwangu mimi aliyenishikia meza alikuwa anatoka nusu saa mapema siku za Ijumaa, tulikubaliana hivyo na bosi. Hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Pili, tusiite mapumziko. Neno lenyewe ndilo linaloleta ugomvi. Mama anapokamua hapumziki. Anaosha vyombo, anakamua, anafunika, anaandika tarehe, anaosha tena, anarudi. Ukiita "muda wa kukamua" hata wenzake wataelewa kinachofanyika mle ndani.

Tatu, linganisha na kinachotokea asipopewa. Maziwa yanakwama, titi linavimba, homa inapanda, na unampoteza siku tatu au nne mfululizo. Au mtoto anaugua mara kwa mara na mama anaomba ruhusa kila wiki. Au anaacha kazi, na unaanza kumfundisha mtu mpya kutoka mwanzo.

Na kaka, tukumbuke tunazungumzia nini. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha makadirio kwamba kama unyonyeshaji ungefikia karibu watoto wote duniani, vifo 823,000 vya watoto chini ya miaka 5 vingezuilika kila mwaka, na vifo 20,000 vya mama kwa saratani ya matiti. Kurudi kazini ni moja ya sehemu ambapo mama wengi wanaachia njiani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili na zaidi. Chukua hiyo miezi 6, toa likizo ya wiki 14, utaona pengo la karibu miezi mitatu. Pengo hilo linajazwa na mtu kama wewe, mwenye ratiba mkononi.

Nikuombe jambo moja. Waite hao 14, wanaume kwa wanawake, uwaeleze kabla mama hajarudi. Asijieleze yeye. Mimi nilijieleza mwenyewe mara ya kwanza, mbele ya watu, kuhusu matiti yangu. Sitaki dada mwingine apitie hapo. Kama unatafuta pa kuanzia, tarehe 1 hadi 7 Agosti ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Mwaka 2015 na tena 2023 ujumbe wake ulihusu kazi moja kwa moja.

#6 Msimamizi

Hili la kuita "muda wa kukamua" na la ubao nimelichukua. Sikuwahi kufikiri kwamba niliutoa muda wa mtu mwingine bila kumuuliza. Kesho nina kikao nao.

#7 Mkunga Mzoefu

Niongeze upande wa afya, maana nawaona wengi wakija wamechelewa.

Ukirudi kazini na titi likawa gumu, jekundu, linauma sehemu moja, usiache kunyonyesha upande huo. Mtoto anyonye, au ukamue hadi upate nafuu. Usilikande kwa nguvu. Zamani watu walifundishwa kulisugua hadi donge litoke, na hilo linaongeza uvimbe na kujeruhi tishu ndani. Weka kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha. Ukipata homa na mwili kuuma kama mafua makali, na haiponi ndani ya siku moja, nenda hospitali. Ukichelewa inaweza kuwa jipu, na jipu ni habari nyingine kabisa. Usikamue kupita kiasi pia ukidhani unalimaliza. Titi litatengeneza zaidi na mzunguko utaanza upya.

Jambo la pili halisemwi mara nyingi. Wapo wanaotegemea kunyonyesha kuwa kinga ya mimba. Njia hiyo ina masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya tu mchana na usiku bila mapengo marefu. Siku unayorudi kazini pengo linakuwa refu. Usiitegemee tena, zungumza na mhudumu wa afya kuhusu njia nyingine inayokwenda na kunyonyesha. Zipo.

Na kama unatumia pampu na inauma, usivumilie. Mara nyingi kikombe chake, kile kinachowekwa juu ya titi, hakilingani na chuchu yako. Kuna saizi.

#8 Dada wa Maabara

Mkunga, asante. Mimi nashika kemikali kazini. Niliambiwa tu "vaa glovu." Naomba kujua kama ni salama.

#9 Mkunga Mzoefu

Inategemea ni kemikali gani, na sitakubahatishia. Baadhi ya vitu, madini ya risasi kwa mfano, huingia kwenye maziwa. Muombe mwajiri karatasi ya usalama ya kila kemikali unayoshika, uipeleke kwa daktari. Mkataba Na. 183 wa ILO unakataza mama anayenyonyesha kulazimishwa kazi iliyothibitika kuwa na madhara kwa afya yake au ya mtoto, na Pendekezo Na. 191 linaloandamana nao linataka ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Na kabla ya kukamua, vua koti la maabara, nawa hadi kwenye viwiko.

#10 Baba Mpya

Nimesoma kimya hadi hapa. Mke wangu anarudi kazini wiki ijayo na mimi nitakuwa na mtoto siku tatu kwa wiki. Nataka kusaidia, ila kila nikigusa kitu naambiwa nimekosea.

#11 Mleta uzi

Kaka, ubarikiwe. Haya ndiyo yaliyonisaidia mimi.

Osha vyombo vya kukamulia kila jioni bila kuambiwa. Beseni lake peke yake, sabuni, maji ya moto, kisha vikauke kwa hewa. Mama anayerudi kazini saa 12 jioni akakuta vyombo vichafu anaweza kulia, na sitii chumvi.

Mlishe kidogo kidogo. Mililita 60 hadi 90, kwa utulivu, mtoto akiwa ameketi wima mikononi mwako, ukimpa nafasi ya kupumua. Ukimjaza haraka atazoea kumaliza chombo kizima, na mama yake ataona maziwa anayokamua hayatoshi kumbe yanatosha. Alichobakiza baada ya kugusa mdomo kitumike ndani ya saa 2, kisha kimwagwe. Najua kinauma kukimwaga.

Nusu saa kabla mama hajafika, usimlishe akashiba. Mpigie simu, mwambie "ana njaa, njoo." Mtoto atapokea titi mlangoni. Matiti yatapata nafuu, na mama atapata kitu ambacho siku nzima hakukipata.

Na usiku jiandaeni. Watoto wengi mama akianza kutoka mchana wanahamishia kunyonya kwao usiku. Wanakula kidogo mchana, usiku wanadai vyote. Mkeo atachoka. Usimwambie mtoto amedeka. Mlete kitandani, mbadilishe nepi, mrudishe. Ukifanya hayo usiku mmoja mmoja, yeye atakuwa na nguvu ya saa 4:00 asubuhi.

#12 Msomaji Kimya

Nimesoma uzi wote nikiwa na uchungu. Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu na nusu, nikajitahidi, mwezi wa tano maziwa yakakata. Sasa anakunywa ya kopo. Nikisoma takwimu hizi nahisi nimemnyima mwanangu. Sikuwa na mtu wa kuniambia haya.

#13 Mleta uzi

Dada yangu, nimekaa na ujumbe wako kabla ya kujibu.

Yaliyokupata ndiyo yaliyonipata kwa mtoto wangu wa kwanza. Hukumnyima. Miezi uliyomnyonyesha iko ndani yake, na kila tone ulilokamua ukiwa umesimama kwenye chumba kisicho na kiti lilimfikia. Wewe ulifanya sehemu yako. Waliotakiwa kukupa dakika 30 hawakukupa. Takwimu nilizoandika zinawahusu hao.

Na kama moyo unataka, mlango haujafungwa. Kuna mama ambao maziwa yamerudi baada ya wiki kadhaa, kwa kumweka mtoto kwenye titi mara nyingi, kifua kwa kifua, na kukamua mara kwa mara. Si wote hufika kwenye unyonyeshaji kamili, na si lazima. Kunyonya mara mbili kwa siku, usiku na alfajiri, kuna faida yake pamoja na maziwa ya kopo. Muone mkunga au mshauri wa unyonyeshaji kwanza. Kama moyo hautaki, mwanao ana mama anayempenda hadi kuandika hapa usiku wa manane. Lala dada.

#14 Msomaji Kimya

Nimelia, lakini vizuri. Asante.

#15 Mfanyakazi wa Utumishi

Naomba nigusie kitu kimoja mleta uzi amekipitia haraka. Wapo mama wanaoogopa kuomba kwa sababu wanadhani watafukuzwa. Mkataba Na. 183, Ibara ya 8, unasema mwanamke akiachishwa kazi katika ujauzito, likizo, au kipindi baada ya kurudi kilichowekwa na sheria, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu haihusiani na ujauzito, kujifungua wala kunyonyesha. Mzigo wa ushahidi uko kwake. Hilo ni kwa nchi zilizoridhia, na sheria nyingine za nchi zimelibeba kwa maneno yao.

Kwa hiyo barua ni muhimu mara mbili. Inaonyesha tarehe uliyoomba. Tuma kwa barua pepe, hata kama mmezungumza ana kwa ana, uandike "kama tulivyozungumza leo." Weka nakala nyumbani.

#16 Mama wa Zamu

Wadau, nimerudi kuwapa habari. Nilianza kazi Jumatatu.

Nilimuona msimamizi siku 12 kabla, na saa zangu tatu kwenye karatasi. Alikubali mbili. Ya tatu amesema ni saa ya msongamano, ataangalia. Nimepewa stoo ndogo, nimeweka kiti, na kitasa kimetengenezwa leo. Siku ya kwanza nilipata mililita 60 tu kwa mkono na nikaogopa sana. Leo ni siku ya nne, nimepata 110 mara ya kwanza na 90 mara ya pili. Tatizo ni masaa ya mwisho. Kuanzia saa 9 hadi zamu inaisha saa 12 jioni matiti yanajaa hadi nashindwa kuinua mikono kupanga bidhaa za juu. Nisubiri aamue au nifanye nini?

#17 Mleta uzi

Dada, hongera! Kutoka 60 hadi 110 ndani ya siku nne ni kazi kubwa sana.

Usisubiri. Kesho rudi kwake, usiombe saa ya tatu. Omba mbili ulizopewa zisogezwe, halafu katikati ya msongamano uombe dakika 10 tu za kupunguza, si kukamua zote. Ukitoa kidogo tu, ugumu unapungua, maumivu yanapungua, na titi haliambiwi liache. Kama zamu inaanza saa 12 asubuhi, mnyonyeshe mtoto mlangoni kabisa kabla ya kutoka, kisha kamua saa 3:30 na saa 7:30, na zile dakika 10 ziwe saa 10. Mwonyeshe na hilo la mikono kushindwa kuinuka. Msimamizi anaelewa haraka bidhaa zisipopangwa.

Akikataa hata dakika 10, niandikie hapa hapa tuandike barua pamoja.

#18 Msimamizi

Dada wa zamu, kama itasaidia, mwonyeshe msimamizi wako ratiba ya ubao niliyoiandika kwangu wiki hii. Nimeiweka kwa maneno: saa, jina la anayekamua, jina la anayeshika nafasi, na saa ambayo anayeshika analipwa muda wake. Mistari minne. Mwenzangu wa kitengo kingine ameinakili leo asubuhi.

#19 Mama wa Zamu

Nimeipiga kwenye karatasi. Naingia saa 12 asubuhi, nitampa kabla foleni haijaanza.